Wabunge wa Boke Nyangwine

Boke Nyangwine alikuwa na tabia ya kuijibu redio. Muziki aliuacha upite, na matangazo ya vifo aliyasikiliza kimya, amekunja mikono. Lakini Bunge likianza kurushwa kutoka Dodoma, aliondoa kuni chini ya sufuria hata kama ugali ulikuwa haujaiva, akavuta kigoda chake, akaipakata redio kama mtoto. Waziri akisema, "Serikali inatambua umuhimu wa miundombinu," Boke alimjibu, "Inatambua, lakini haijawahi kuvuka hapa." Na mbunge wa jimbo akisimama, awe nani, wa miaka ipi, alimwuliza swali moja kabla hajamaliza kumshukuru Mungu.

"Na daraja?"

Halafu alingoja, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayeamini kwamba safari hii atasikika. Winfrida, binti yake wa mwisho, alikua akila ugali mbichi kila msimu wa bajeti.

Daraja lililoulizwa lilikuwa la mto Kerogwe. Kuuita mto ni kuupa heshima tu. Kiangazi mbuzi aliuruka bila kulowa. Masika ulimchukua mbuzi, na mwenye mbuzi akisogea kumfuata ulimchukua na yeye. Nyumba ya Boke ilikuwa ukingoni kabisa, na zahanati, soko na kanisa vyote vilikuwa ng'ambo, kwenye njia ya kwenda Machochwe. Kwa hiyo masika watu waliugua upande huu na dawa ikakaa upande ule, wakitazamana. Baba yake Winfrida alishikwa na homa wiki ambayo mto ulikuwa umejaa, akafa akiliona bati la zahanati likimeta. Boke hakulia kama wajane wengine walivyolia. Matanga yalipokwisha alikaa ukingoni siku nzima akiyaangalia maji. Tangu siku hiyo akawa anawapokea wabunge.

Hakuwa na cheo cha kumfanya awapokee. Alikuwa na kigelegele. Kilijulikana mpaka Nyakunguru, ambako vijana wa kitongoji walikwenda kuchimba dhahabu. Walisema bibi huyo akipiga kigelegele kwake, wao hutoka shimoni kuangalia nani kaoa. Mgombea aliyepita kijijini bila kupigiwa kigelegele cha Boke alihesabiwa kuwa amepita tu, kama muuza mitumba. Kwa hiyo wote walifika uani kwake, wakaketi, wakanywa uji wake, wakaulizwa swali lake. Na kila mmoja aliondoka na jina alilopewa kwa kile alichouachia mto.

Wa kwanza aliitwa Mgongo. Alikuja masika, amevaa suti, na kijana mmoja akambeba mgongoni kumvusha. Akiwa juu kule, maji yakipita chini ya viatu vyake, aliapa kwamba daraja litajengwa mwaka huohuo. Akateremshwa ng'ambo, akafuta viatu, na ahadi akaiacha mgongoni kwa yule kijana.

Wa pili aliitwa Vigingi. Alileta wapimaji wenye miwani ya kusimama juu ya miguu mitatu, wakapigilia vigingi vyekundu kando zote mbili, wakaenda zao. Boke alingoja, alipochoka kungoja akavifungia ndama. Kwa miaka kadhaa ndama wake ndio waliofungwa kitaalamu kuliko ndama wote wa Tarime.

Wa tatu, Jiwe, aliweka jiwe la msingi lenye jina lake lote, pamoja na la babu. Lilikuwa jiwe zuri sana la kunolea panga. Wanawake walinoa, wakanoa, mpaka jina likaisha, likabaki "Mhe." peke yake. Boke alikataza kunoa hapo. Alisema hilo neno libaki, atakayefuata asipate shida ya kuandika upya.

Wakati wa mbunge wa nne jimbo lilikatwa vipande viwili, na mpaka ukapitishwa katikati ya Kerogwe. Maofisa walikuja na ramani, wakaeleza kwamba sasa wananchi watakuwa na wabunge wawili badala ya mmoja, maendeleo yatakwenda mara mbili. Boke aliwasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono.

"Mpaka uko katikati ya maji?"

"Ndiyo, mama. Katikati kabisa."

"Sasa mimi nikizama, nitakuwa nimezama jimbo gani?"

Walicheka, wakaandika, wakakunja ramani. Na ikawa hivyo. Mbunge wa huku alisema daraja ni la wale wa kule, na wa kule alisema vilevile akielekeza kidole upande wa pili. Huyo wa nne akabaki na jina la Mpaka.

Wa tano alikuwa Nelson Mokami, mtu mnene, mcheshi, mwenye salamu nzuri. Kila alipoulizwa daraja alisema mchakato unaendelea. Aliusema msibani, kanisani, kwenye harusi. Watu wakamwita Mheshimiwa Mchakato, naye akalipenda hilo jina, akidhani anasifiwa.

Katikati ya wabunge hao Winfrida alisoma, akapelekwa chuo, akapata kazi ofisini Bomani, mjini Tarime, na akaolewa na Joel, bwana mifugo. Joel alikuwa mtu wa maneno machache, na Boke alimpenda kwa jambo hilo. Kumpenda kwenyewe kulikuwa kwa mbali. Kwa mila zao, tangu ng'ombe wa mahari walipoingia zizini, mkwe na mama mkwe hawakutakiwa kutazamana usoni, wala kupeana mikono, wala kula mahali pamoja. Wakikutana njiani, mdogo ndiye anayepisha, na kupisha maana yake ni kutoweka. Winfrida alimwona mume wake, mtu mwenye stashahada, akiruka ndani ya shamba la mihogo na koti lake jipya kwa sababu mama alikuwa anatoka kisimani.

Ugumu ulikuja ng'ombe wa Boke walipougua, maana tarafa nzima ilikuwa na bwana mifugo mmoja. Joel alisimama nje ya ua, amegeuka nyuma. Boke alikaa ndani ya nyumba. Winfrida alikuwa katikati na bomba la sindano.

"Mwulize mama anakohoa tangu lini," Joel alisema.

"Mwambie mimi sikohoi!" Boke akapiga kelele dirishani. "Aulize ng'ombe!"

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakiheshimiana sana, na Winfrida akawa njia yao ya kupitishia maneno. Usiku mwingine, mjini, alifikiri kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza yeye anataka kusema nini.

Basi Joel akaamua kugombea ubunge. Winfrida hakuelewa vizuri ilikuwaje. Labda kukaa na ng'ombe miaka yote kulimfanya aone watu ni rahisi. Alikwenda kijijini kumweleza mama yake, akamkuta anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una sura ya mtu aliyebeba habari. Itue."

"Joel anagombea."

Ungo ukasimama. "Anagombea nini?"

"Ubunge, mama. Wa huku kwetu."

Boke aliweka ungo chini taratibu, akatazama mto, akamtazama tena binti yake. Winfrida alitegemea furaha, au angalau kigelegele kidogo cha ndani.

"Winfrida, wabunge wote wa jimbo hili wameketi hapo ulipokaa. Wengine waongo, wengine wavivu, lakini wote niliwauliza usoni. Sasa unaniletea mmoja nisiyeweza kumwuliza."

"Nitamwuliza mimi kwa niaba yako."

"Wewe ukimwuliza atakwambia chakula kimepoa. Mume haulizwi daraja."

Habari zilimfikia Mchakato upesi. Naye alikuwa mtoto wa nyumbani, mila alizijua. Siku mbili hazikupita, gari lake likasimama uani kwa Boke.

"Shikamoo, mama yetu. Nimekuja kukuomba unisindikize kwenye kampeni. Kiti cha mbele, kando ya dereva. Huna haja ya kusema neno."

Boke alielewa kabla hajamaliza. Mahali popote atakapofika yeye, Joel atalazimika kutoweka.

"Na daraja?"

"Mama, mchakato—"

"Makalavati yakifika hapa, na mimi nitafika huko."

Mchakato alicheka, akaona Boke hacheki, akakuna shingo. Wiki ile lori lilifika na makalavati, na lingine na mawe, na lingine na mchanga. Miaka yote ya wabunge wote haikuwahi kuleta kitu kizito kama kile kwenye ukingo wa Kerogwe. Boke alizunguka rundo lile, akagonga kalavati moja kwa fimbo kusikia kama ni zima, kisha akaenda kuvaa kitenge chake cha kanisani.

Siku ya mnada wa ng'ombe, Joel alikuwa juu ya jukwaa la mbao, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea vizuri. Winfrida alisimama mbele akiona watu wanatikisa vichwa kukubali. Ndipo gari la Mchakato likaingia polepole katikati ya ng'ombe, mlango wa mbele ukafunguliwa, na Boke Nyangwine akashuka, ameinamisha uso, kama anayetafuta mahali pa kununua chumvi.

Joel alikuwa anasema, "Mkinichagua, sitakimbia—"

Akakimbia. Aliruka kutoka jukwaani, akapita chini ya tumbo la ng'ombe wa mtu, akaingia nyuma ya mashine ya kusaga. Mnada mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Mura, kijana wetu, kimbia!" mmoja akapaza sauti. "Mama mkwe huyo!"

"Atawezaje mawaziri, naye anamkimbia bibi wa fimbo?"

"Hakukimbia bibi, kakimbia swali!"

Mchakato aliwapungia mkono. Ilikuwa hivyo kila mkutano. Joel akipanda, Boke anashuka garini, Joel anatoweka. Wiki ya pili Winfrida alikwenda kwa mama yake akiwa na machozi ya hasira.

"Mama, unaniharibia nyumba yangu."

"Nimeyaona makalavati. Wewe umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi." Boke akamsogezea uji. "Mimi sijasema neno baya juu ya mume wako. Nimeshuka garini tu. Kama ana akili, atafute njia ya kusema bila kunitazama. Sauti haina mila."

Winfrida alirudi mjini na maneno hayo, akayatafakari njia nzima. Kesho yake alimfuata Shamsudin, fundi wa Tarime aliyekodisha spika na maturubai kwa maharusi, na mkutano uliofuata Joel hakuonekana kabisa. Jukwaani lilitundikwa turubai la buluu, na sauti ya Joel ikatoka nyuma yake. Boke alishuka garini kama kawaida. Turubai halikukimbia.

Watu kwanza walishangaa. Kisha wazee wakaanza kunong'onezana kwamba huyu kijana ana adabu, na kila mwanamume pale, ambaye naye alikuwa na mama mkwe mahali fulani, alijisikia ametetewa. Mchakato alimwashiria Boke arudi garini. Boke hakurudi. Alimkamata kamba mbuzi aliyekuwa karibu, mbuzi wa kuuzwa, asiyehusika na siasa.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja, "mwulize huyo aliye nyuma ya turubai. Mto Kerogwe anaujua?"

Spika ilikwaruza kidogo. "Mbuzi," Joel akasema, "mwambie aliyekutuma kwamba naujua. Niliwavusha pale ng'ombe wa mahari, na mmoja akaenda na maji."

"Mbuzi, mwambie kwamba yule ng'ombe tulimhesabu kama amefika."

Uwanja ukacheka, lakini Winfrida hakucheka. Hakuwa amejua jambo hilo. Miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Mwulize daraja litajengwa lini."

"Mbuzi, mwambie sijui. Mpaka uko katikati ya maji, bila mbunge wa ng'ambo halijengwi. Nitakwenda kukaa mlangoni kwake mpaka akubali. Ni lini, sijui."

Hakuna mgombea aliyewahi kusema hajui. Watu walitazamana kama waliosikia mtu akitukana kanisani. Boke aliinamisha kichwa, akafikiri, mbuzi akala pindo la kitenge chake. Kisha akapiga kigelegele, kile chenyewe. Mpaka leo watu wanabishana kama kilikuwa cha Joel au alikuwa anamfukuza mbuzi, lakini Mchakato alipandisha kioo cha gari na dereva wake akawasha injini bila kuambiwa.

Joel akashinda.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama vibaya kuliko zamani. Mbunge wa ng'ambo alikubali, mainjinia wakapatikana, lakini ilitakiwa wabunge wote wawili na wanakijiji wasimame mahali penyewe wakubaliane daraja lipite wapi. Na mahali penyewe palikuwa mlangoni kwa Boke. Turubai nalo halikufaa, maana safari hii mbunge alitakiwa kuona. Joel alikuja mara ya kwanza, Boke akawa anateka maji. Joel akageuza gari. Mara ya pili walipatana Boke ajifungie ndani. Alijifungia, ila watu walipoanza kupima alishindwa kuvumilia, akatoka mlangoni akipiga kelele kwamba pale maji hula ukingo, wasogee juu. Joel akaingia kwenye matete, mainjinia wakaachwa na kamba mikononi.

"Tumechagua mbunge wa kukimbia," watu wakaanza kulalamika. Makalavati yakaota nyasi. Kuku wa Boke wakataga humo.

Jackson, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha wazee, wakasema kuna njia: mbuzi achinjwe, mkwe na mama mkwe wafunguliwe, waonane kama watu wengine. Winfrida ndiye aliyetumwa kupeleka pendekezo.

"Nikianza kumwona nitaanza kumgombeza," Boke alisema. "Hao wote niliwagombeza. Na nikimgombeza huyu, wewe utalala wapi?"

Akasimama, akaizunguka nyumba yake mara moja, akarudi kuketi.

"Iliyo njiani ni hii nyumba. Si mume wako. Mwambie Jackson alete mkokoteni."

Kesho yake alifunga sufuria zake, kigoda na kuku, akavuka Kerogwe kwa miguu maana ilikuwa kiangazi, akahamia kwa dada yake Scholastica, upande wa Machochwe, nyuma ya kilima ambapo mto hauonekani. Nyumba yake, ambayo hakuwahi kulala nje yake tangu aolewe, aliikabidhi kwa mainjinia wahifadhie saruji humo.

Kila jioni alimpigia Winfrida simu. Scholastica anakoroma kama trekta. Scholastica anamwaga sukari kwenye uji mpaka nyuki wanatutembelea. Nguzo zimefika wapi? Scholastica amenilazimisha kuingia kwaya. Wamesogea juu, kama nilivyosema? Winfrida alijibu kutoka picha alizotumiwa na Jackson, na baada ya kukata simu alikaa gizani akifikiri kwamba mama yake amengoja karibu maisha yake yote, na sasa linapojengwa, yeye peke yake haruhusiwi kuliona.

Siku ya uzinduzi wabunge wawili walikata utepe mmoja kwa mikasi miwili. Wanawake walipiga vigelegele, lakini vilikuwa vidogo, na wazee waligeuza shingo kuelekea kilimani kana kwamba kuna mtu amechelewa. Simu ya Winfrida ikatetemeka.

"Ameondoka?"

"Bado, mama. Anahutubia."

"Bado tu? Si alikuwa hana maneno huyu!"

Baada ya muda ikatetemeka tena.

"Ameondoka?"

"Anakula nyama ya kichuri na wageni."

"Daraja lina kazi ya kuvusha, si kulishia watu. Mwambie ale haraka."

Jua lilipokaribia kuzama, msafara wa Joel ukapanda upande wa Tarime, ukaenda kumngojea Winfrida mbali, nyuma ya miti ya mikaratusi. Winfrida akapiga simu, akasema neno moja tu, na muda si mrefu akamwona mama yake anateremka ng'ambo, na kitenge chake cha kanisani, na kuku kwapani. Hapakuwa na mtu mwingine. Wengine walikuwa wamefuata nyama.

Boke hakushika chuma cha pembeni. Alitembea katikati ya daraja, si haraka, si polepole. Alipofika mahali ambapo mpaka wa majimbo hupita, alisimama, akachungulia maji, akaendelea.

Winfrida alikuwa anarudi Bomani jioni ileile, na hakujua kwamba hawataongea tena. Simu ya mama iliisha chaji siku zilizofuata, maana ukingoni hapakuwa na umeme, na kabla ya mwezi kuisha Boke alikufa usingizini, nyumbani kwake, ukingoni. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho ni yale aliyoyasema pale, baada ya kushuka kwenye saruji na kukanyaga udongo wake. Aligeuka, akaliangalia daraja kutoka mwisho mpaka mwanzo, kama anavyoangaliwa mgeni aliyesifiwa sana kabla hajafika. Winfrida akamwuliza analionaje.

"Winfrida," alisema, "kumbe lenyewe ni fupi hivi."